Fidla Niliyoitoa Moshini

Jumatatu, 3 Juni

Nimewasha jiko la gundi saa mbili asubuhi. Ukungu mzito, Mbinga yote imejifunika gubigubi. Nimefagia karakana, nimechemsha gundi ya ngozi, nimepaka shingo ya lile zeze lililotoka Kihagara na kulifunga kamba. Linaendelea vizuri. Chai na kiazi kimoja.

Kisha nikaigeukia fidla ya Mzee Alanus. Aliileta juzi kutoka Mkumbi, imefungwa shuka. Nilikuwa nimeilaza juu ya karatasi nyeusi, kama nilivyofundishwa. Leo kwenye karatasi kuna unga. Vilima vidogo kumi na kimoja. Nimehesabu mara mbili.

Unga mpya, mweupe, laini. Wadudu wamo ndani na wanakula.

Naogopa. Naliandika hilo mapema nisije nikajifanya jasiri huko mbele.

Jumanne, 4 Juni

Niieleze fidla yenyewe, labda nitatulia.

Ni fidla kubwa, ya kukaa na kuibana kwa magoti. Marehemu baba yake Mzee, Fundi Gotfridi, aliichonga kwenye karakana ya misheni akiiga ya wageni. Mgongo wa mninga, kifua, yaani ubao wa mbele, cha mti wa podo, nyuzi nne. Nyumbani kwao wanaiita Mama Mkubwa. Imetengenezwa mara nyingi na kila aliyeitengeneza ameacha alama: misumari ya viatu, spoku ya baiskeli iliyoshika shingo, gundi za rangi tatu, na mgongoni kiraka cha bati la kopo la mafuta.

Nimeigonga kwa kifundo cha kidole, kipande kwa kipande. Mninga unaitika. Podo haiitiki. Upande wa kushoto wa kifua unalia kama boga bovu. Nimegusisha sindano, imezama bila kusukumwa. Nikikaza nyuzi leo, kifua kinaingia ndani.

Ndani ya shuka nimemkuta mdudu mmoja mfu. Kahawia iliyokolea, kichwa amekiinamisha chini ya mabega. Nilitegemea bungua wa mbao. Si yeye. Ni dumuzi, huyuhuyu wa mahindi, ambaye kila mkulima wa hapa anamjua na kumlaani. Akimaliza gunia anahamia kwenye nguzo za ghala.

Nimejua papo hapo alikotoka. Sitaki kuandika leo.

Jumatano, 5 Juni

Haya, niandike.

Mwaka jana mwezi wa tatu nilikwenda Mkumbi kuorodhesha vyombo vya muziki vya zamani. Nilikuwa nimetoka kwenye kozi ya kuvihifadhi, cheti bado kinanukia wino. Mama Mkubwa nilimkuta jikoni, darini juu ya mafiga, amelala katikati ya mahindi ya mbegu. Mweusi tii. Nilishika kichwa. Nilisema maneno makubwa. Nilisema mnapika chombo cha historia kama mnakausha nyama.

Mama Otilia, mke wa Mzee, alikuwa anachochea moto. Alisema taratibu, "Mwanangu, huku moshini ndiko kwake." Nikamjibu, "Mama, moshi unaua mbao." Akanyamaza. Nani abishane na mwenye cheti?

Nikaisafisha masizi siku tatu. Nikaagiza ikae sebuleni, pakavu, pasipo moshi. Nikajaza fomu, nikapiga saini. Mzee akapokea nakala yake kwa mikono miwili.

Sebule yao ndiyo ghala yao. Magunia ya mahindi yamepangwa ukutani hadi dirishani. Niliyaona. Nilisogeza gunia moja kwa mikono yangu ili fidla ipate nafasi.

Na mimi je? Mbegu zangu ziko wapi muda huu? Darini juu ya moto, hapo jikoni kwangu. Kwa sababu gani? Kwa sababu ya dumuzi. Mama yangu alifanya hivyo, na bibi yangu kabla yake. Mtoto wa darasa la pili hapa Mbinga anajua kwamba moshi unamfukuza dumuzi. Mimi nilijua kwenye mahindi, nikasahau kwenye fidla.

Mjinga mimi.

Alhamisi, 6 Juni

Hyasinta, binti wa Mzee, amepiga simu kuulizia. Nimesema naendelea. Akasema, hana hata ubaya, "Ila dada, ajabu. Miaka yote lile dude limekaa moshini halikuguswa. Limekaa sebuleni mwaka mmoja tu, limeliwa."

Nikasema mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa safi kabisa.

Ile nakala ya fomu Mzee ameihifadhi ndani ya kitabu chake cha sala. Yeye macho yana mtoto wa jicho, hasomi tena. Hyasinta anasoma.

Ijumaa, 7 Juni

Dumuzi mmoja, mzima, anatembea kwenye fremu ya dirisha. Nimemponda kwa kucha.

Kama wanatoka kwenye fidla, wanakwenda wapi? Nina violini mbili za misheni kwenye rafu. Nina zeze la Kihagara, limetengenezwa na mtu aliyekwisha kufa, halina la pili. Nimehamishia vyote chumbani kwangu. Nimevifunga kwenye nailoni moja moja. Nalala navyo kama wagonjwa. Fidla nimeifunga nailoni tabaka mbili na kuziba kwa gundi ya karatasi.

Nikitega sikio nasikia. Krr. Krr. Au ni masikio yangu.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani wametangaza nia za misa. Jumamosi tarehe 13 Julai, Mkumbi, misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ya Mama Otilia. Mzee Alanus, aliyekuja Mbinga kuitoa nia hiyo, alikuwa amekaa mbele, amevaa koti la harusi.

Baada ya misa nikamwamkia. Akaitikia, "Marahaba mwanangu." Huniita mwanangu tangu nilipokuwa msichana wa kurandia mbao za madawati. Akanishika mkono, akasema atapiga Mama Mkubwa siku hiyo. Wimbo mmoja tu, ule aliompigia Otilia siku wanafunga ndoa. Vidole bado vinaukumbuka, alisema, mwakani huenda visiukumbuke.

Kisha akaniomba msamaha. Yeye, aniombe mimi! "Nisamehe mwanangu. Uliniachia chombo kizima, nimeshindwa kukitunza. Tangu mama yenu afariki nimekuwa mzembe."

Nilipaswa kusema pale pale. Nilisema, "Usijali baba."

Sikukomunika. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jumanne, 11 Juni

Nimeanza kuondoa matengenezo ya zamani, yale tu yanayoumiza mbao. Misumari ya viatu imetoka kumi na minne, imeoza na kuozesha. Spoku nimeiacha, inashika vizuri kuliko ambavyo ningefanya mimi.

Kiraka cha bati kilinitisha. Kanuni ni kwamba kiraka kilichotulia usikifunue. Lakini sindano ilionyesha uwazi chini yake, nikaogopa kuna kiota. Nimepasha kisu, nimelainisha nta na lami, bati likaachia.

Hakuna kiota. Kuna matundu ya kale, yamekauka, hayana unga. Kumbe fidla hii ilishawahi kuliwa zamani. Na kando ya matundu kuna maandishi ya penseli, hati ya shule ya misheni, herufi zimesimama wima:

"Imeliwa na wadudu ilipokaa sakristia mvua mbili. Nimeiweka juu ya moto wa mke wangu tangu mavuno. Wamekufa wote. Isitolewe. Gotfridi, fundi."

Nimekaa chini sakafuni.

Jumatano, 12 Juni

Sijafanya kazi. Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

Alhamisi, 13 Juni

Hakuna ajuaye ila mimi. Bati likirudi mahali pake, nta ikipakwa, maneno ya Fundi Gotfridi yatalala miaka mingine sitini. Mzee ataendelea kuamini ni uzembe wake. Ana miaka themanini na mitatu. Ataubeba muda mfupi tu.

Nimelisoma hilo nililoandika. Nimejiogopa.

Lakini kwanza wadudu wafe. Dawa ya mahindi siwezi, ni chombo cha kukumbatia kifuani. Dawa ya kahawa ndiyo kabisa. Moshi tena? Kifua kimeoza, joto la mafiga litakikunja kabla wadudu hawajakohoa. Inabaki baridi. Kozini walitufundisha: gandisha siku kumi na nne mfululizo, baridi kali, bila kukatiza. Wao walikuwa na chumba cha barafu. Mimi nina ndoo.

Nani ana friza kubwa? Bi. Zuhura wa Mbamba Bay, mwuza samaki. Nilimtengenezea milango ya duka.

Nimempigia. Amecheka mpaka akakohoa. "Mwenzangu, unataka kuniletea maiti?" Nikasema karibu sawa. Akasema nije Idi ikishapita. Mbalamwezi inakuja, taa za wavuvi hazivuti kitu mwezi ukiwa mpevu, friza moja litabaki na barafu tupu. Ila mwezi ukizama boti zinarudi na samaki, na friza lake atalitaka. Tumekubaliana.

Jumanne, 18 Juni

Nimeshuka ziwani. Nimeng'oa shingo kwanza ili kiwiliwili kitoshe. Nailoni tabaka tatu, blanketi la sufi katikati. Nimekodi pikapu, nimekaa nyuma na kumpakata Mama Mkubwa njia nzima. Zile kona za kuteremkia Nyasa, kila breki nilifumba macho. Dereva alidhani naogopa ajali.

Bi. Zuhura alikuwa amelisugua friza kwa sabuni na ndimu. Mama huyu wazee wake walitoka Kilwa, lakini usipa, dagaa wa ziwani, anaujua kuliko Wanyasa wenyewe. Tukamlaza Mama Mkubwa pamoja. Akaangalia, akasema, "Innalillahi." Kisha akanipa pilau ya Idi iliyobaki.

Akaniuliza mbona nimekonda. Nikamwambia kila kitu. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu yuko mbali na Mkumbi.

Hakucheka safari hii. Alisema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Kamwambie." Nikasema nitamwambia wadudu wakifa. Akaninyooshea kijiko: "Sasa unawafuga au unawaua?"

Saa kumi mfuniko ukafungwa. Siku ya kwanza.

Alhamisi, 20 Juni

Simu ya Bi. Zuhura saa nne asubuhi. Upepo umeangusha nguzo, umeme hakuna pwani yote. Nimemwomba asifungue mfuniko hata kidogo, alifunike friza kwa mablanketi. Akasema ameshafanya, hata zulia la sebuleni liko juu.

Saa nane: bado.

Saa kumi na moja: bado. Barafu ikiyeyuka, maji yanaweza kupenya. Gundi ya ngozi ikilowa inaachia, fidla itafunguka viungo vyote humo ndani ya mfuko. Wadudu wakipata joto wanaamka. Nimeua chombo mara ya pili. Sijala.

Ijumaa, 21 Juni

Umeme umerudi saa mbili asubuhi. Bi. Zuhura amefungua kidogo, mfuko mkavu, barafu chini bado ngumu. Hajui kama baridi ilitosha. Wala mimi.

Siwezi kubahatisha. Hesabu inaanza upya leo. Siku kumi na nne zinatimia tarehe 5 Julai. Nitabakiwa na wiki moja ya kuziba, kugundisha, kurudisha shingo na kufunga nyuzi. Kazi ya wiki tatu. Na mwezi utakuwa umeshazama.

Jumanne, 25 Juni

Mzee Alanus amekuja karakana bila taarifa. Amepanda gari ya asubuhi kutoka Mkumbi, ameniletea ndizi na kahawa ya shambani kwake. Akapapasa meza. Tupu. Akauliza, sauti imebadilika, "Yuko wapi?"

Nikasema yuko ziwani, kwenye friza la samaki, anauliwa wadudu kwa baridi. Halafu akacheka, cheko la zamani lile la kwaya, akafuta machozi kwa kofia. "Otilia angesikia hili! Mama Mkubwa amelala na mbasa!"

Nikacheka naye. Mlango ulikuwa wazi kabisa wa kusema. Akasema, "Mimi ndiye niliyemuua, na wewe ndiye unayemfufua, Mungu akubariki mwanangu."

Nilimpimia sukari kwenye chai.

Mwoga. Hakuna neno lingine.

Jumapili, 30 Juni

Bado siku tano. Nimepika gundi mpya. Nimechonga vipande vya podo kavu kutoka kwenye kiti cha maungamo kilichovunjwa, mbao ya umri unaofanana. Usiku naota unga.

Jumatano, 3 Julai

Bi. Zuhura: boti zimeanza kuingia, wateja wa Songea wako mlangoni, samaki wamejaa friza moja, la pili kalala Mama Mkubwa. Akasema amewagawia majirani usipa, ameanika mwingine, na mbasa wanne wakubwa wameharibika. "Nakwambia ili ujue, sikudai." Nimejisikia vibaya. Nikamwuliza nije nimtoe leo. "Ukimtoa leo, hao mbasa wangu wamekufa bure. Kaa huko."

Jumapili, 7 Julai

Nimerudi naye. Tulizima friza Ijumaa, tukamwacha apate joto taratibu ndani ya mfuko siku nzima asije akatoa jasho. Njiani upepo wa Julai ulipenya mifupa. Nimemfungua mezani nikiwa nimeshika roho mkononi.

Viungo vimeshika. Ufa mmoja mpya begani, urefu wa kidole. Nimeushukuru, nilitegemea kumi. Ndani ya blanketi dumuzi ishirini na saba, wote miguu juu. Nimewapuliza, nimewachoma sindano, nimewasogeza juani. Hawatikisiki.

Sijawaamini. Karatasi nyeusi mpya chini yake.

Jumatatu, 8 Julai

Karatasi safi. Nimeingiza gundi nyepesi kwa bomba la sindano kwenye kifua, tundu kwa tundu, tangu asubuhi hadi shingo yangu ilipokataa. Matundu zaidi ya mia mbili. Mengine yanakunywa bomba zima na bado yana kiu.

Jumanne, 9 Julai

Karatasi safi. Vipande vya podo vimeingia upande wa kushoto. Nikigonga, kifua sasa kinasema kitu. Si sauti ya zamani. Ni ya mgonjwa aliyekaa kitandani, lakini ni sauti.

Jumatano, 10 Julai

Karatasi safi, siku ya tatu. Wamekufa.

Sasa sina tena cha kusingizia. Nilimwahidi Bi. Zuhura: wakifa, nasema.

Shingo imerudi, kilichobaki ni nyuzi na kiraka cha mgongoni. Nta na lami vimeyeyuka, bati limesafishwa, linanisubiri. Nimelishika juu ya maandishi ya Fundi Gotfridi mara tatu. Linakaa vizuri mno. Ningeweza kumaliza kwa dakika kumi na kunywa chai.

Nimezima jiko. Kesho nakwenda Mkumbi na fidla ikiwa wazi mgongo. Naogopa kuliko siku ile ya umeme.

Alhamisi, 11 Julai

Nimefika saa tatu. Kahawa imeanikwa uani kote, Hyasinta anaigeuza kwa mikono. Mzee amekaa kwenye baraza ya jiko, jua linampiga magotini. Nikaamkia. "Marahaba mwanangu. Amepona?"

Nikasema amepona kiasi. Nikamlaza mapajani mwake kifudifudi. Nikachukua kidole chake nikakiweka kwenye maandishi. Nikasema, baba, chini ya bati kuna maneno ya baba yako. Hayaoni. Akasema nimsomee.

Ningeweza kusoma chochote. Nakiri hata pale, kinywa wazi, niliwaza kusoma jina na tarehe tu.

Nikasoma yote. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Kisha nikasema kwamba ni mimi niliyeitoa. Kwamba sebuleni kulikuwa na mahindi na niliyaona. Kwamba yeye hakuzembea hata siku moja. Kwamba nimejua tangu mwezi wa sita na nimemwacha aniombe msamaha.

Hyasinta aliacha kugeuza kahawa. Hakushangaa. Kumbe fomu aliisoma zamani.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilijiandaa kufukuzwa. Mzee, kidole bado kwenye penseli ya baba yake, akasema, si kwangu hasa:

"Basi Otilia alikuwa anasema kweli."

"Ndiyo baba."

"Nilimgombeza. Ulipoondoka siku ile aliniambia turudishe fidla darini. Nikamwambia anyamaze, fundi amesoma, wewe umesoma nini? Hakunisemesha siku mbili. Miezi minne baadaye nikamzika."

Sikujua hilo. Mwezi mzima nimeogopa kuhusu mbao, kuhusu jina langu, kuhusu fomu. Hili sikuliogopa kwa sababu sikulijua.

Nililia. Yeye hakulia. Alimwita Hyasinta alete penseli. Akanigeuzia uso, macho meupe yale, akasema, "Andika na wewe. Hapo chini ya baba. Na Otilia umtaje."

Nikaandika magotini, mbele yao, herufi zikiwa zimesimama kadiri nilivyoweza:

"Mimi Ludgera, fundi, niliitoa moshini. Mama Otilia alikataa, hakusikilizwa. Imeliwa tena. Irudishwe juu ya moto."

Akataka asomewe. Nikamsomea. Akasema, "Funga, fundi."

Fundi. Si mwanangu.

Ijumaa, 12 Julai

Nimefunga bati kwa nta na lami ileile ya Fundi Gotfridi. Nyuzi nne, nimezilegeza sauti nzima chini ya kawaida, zaidi ya hapo sithubutu. Nimekaa mbele yake hadi mchana nikisubiri kifua kibonyee. Hakijabonyea bado.

Jumamosi, 13 Julai

Misa imejaa hadi nje. Bi. Zuhura amepanda kutoka ziwani na ushungi wake mweupe, amekaa benchi la nyuma kabisa na ndoo ya usipa wa wafiwa.

Baada ya komunyo Mzee aliketi, akambana Mama Mkubwa kwa magoti. Mimi nilisimama pembeni ya nguzo. Nyuzi zilipoguswa nilisikia kifua kikilalamika, kelele ndogo ya mbao, nadhani ni mimi tu niliyeisikia. Nilingoja ipasuke. Kila noti niliingoja ipasuke.

Sauti ilikuwa ndogo na ya kukwaruza. Aliukosea wimbo mahali pawili, akarudi nyuma, akaumalizia. Watu hawakupiga makofi. Wazee wawili waliufuata kwa kuguna, wanaukumbuka tangu harusini.

Haikupasuka.

Wakati wa chakula Hyasinta alinipakulia ugali na nyama, akaniwekea mbele yangu bila kunitazama. Nikala chote.

Jumapili, 21 Julai

Mzee ameniita Mkumbi kwa simu ya Hyasinta. Nimefika mchana. "Shikamoo baba." "Marahaba, fundi."

Jikoni moto ulikuwa umewashwa, mdogo, kuni mbichi kidogo ili utoe moshi. Nyuzi nilizilegeza zote. Hyasinta alikuwa amepanga mahindi ya mbegu ya mwaka huu darini, akaacha nafasi katikati, urefu wa mtu mfupi. Mzee akaelekeza kwa fimbo. "Panda wewe."

Nilipanda kwenye kinu kilichogeuzwa. Masizi yalinidondokea machoni. Nilimlaza Mama Mkubwa mgongo chini, mbali na ulimi wa moto, nikamzungushia mahindi pande zote. Nikashuka.

Mzee akauliza kama analala sawa. Nikasema sawa. Akauliza kama joto si kali sana kwa kile kifua. Nikaweka mkono juu, nikangoja, nikasema si kali. Nikasema nitakuja kila mwezi kuangalia, akitaka. Akasema, "Njoo."

Tukakaa. Moshi ukamfunika taratibu. Hyasinta akabandika maharage.

Nimerudi Mbinga na gari ya jioni, nguo zote zinanuka jiko la Mama Otilia. Nimezitundika mlangoni. Sijazifua.